Siti ya Wawili

Honda mbili, miaka 23 kati yake, na nyumba moja iliyokuwa inasubiri bati

Nikiwaambia mashosti zangu kwamba napenda pikipiki, wengi wanacheka, halafu wanauliza: "Bodaboda?" Hapana jamani. Nazungumzia pikipiki kubwa, zile za spoti, ambazo zikipita barabara ya Mwai Kibaki hata konda wa daladala anakatisha kuita abiria ili ageuze shingo. Pale kwetu Kawe, kwa miaka mitano tulikuwa nazo mbili uani. Zote Honda, zote za silinda nne, zote za zamani. Moja ya marehemu baba yangu, nyingine ya mume wangu. Mwaka jana ikabidi moja iondoke, maana nyumba yetu ya Bunju ilikuwa imefika kwenye lenta na hela ya kupaua hatukuwa nayo.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wifi yangu alitaka ziuzwe zote, akaniuliza kama nina haraka ya kuwa mjane. Jirani akasema iuzwe ya mzee, chuma chakavu kile. Rafiki wa mume wangu akasema ukiuza ya mkwe umeuza heshima. Mimi na Baba Neema tukakubaliana jambo moja: tutazilinganisha kiroho safi, kitu kwa kitu, bila kusema "hii ya baba yako" wala "hii ya kwangu". Na mimi si mtu wa kuangalia tu. Baba alinifundisha kuendesha nikiwa na miaka 17 kwenye viwanja vya Tanganyika Packers, na leseni yangu ina daraja A. Kwa hiyo tulikaa mezani kama mafundi wawili.

Mzee wa 1969

Ya baba ni Honda CB750. Yeye alikuwa fundi mitambo, na aliinunua mwaka 1983 kwa mhandisi wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao. Miaka ile petroli ilikuwa ya kugawiwa, spea unazitafuta kwa tochi mchana, na watu walimwona amechanganyikiwa. Yeye alikuwa anajua anachonunua.

Ili uielewe CB750 lazima ujue kilichokuwepo kabla yake. Miaka ya sitini mwenye pikipiki kubwa alikuwa na ya Mwingereza: Triumph, BSA au Norton. Nyingi zilikuwa na silinda mbili, unapiga kiki mpaka mguu unavimba, breki za ngoma mbele na nyuma, na oili inavuja kama pakacha. Wajapani walionekana ni watu wa pikipiki ndogo ndogo. Mwishoni mwa mwaka 1968, kwenye maonyesho ya Tokyo, Honda wakatoa hii kitu. Mwaka uliofuata ikaingia sokoni.

Silinda nne zimepangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 736, ekzosi nne zinang'aa mbili kila upande. Inawaka kwa kubonyeza kitufe. Mbele ina breki ya diski inayotumia mafuta, kitu ambacho kwenye pikipiki ya kuuzwa kwa watu wengi kilikuwa hakijazoeleka. Nguvu za farasi 67, na mwendo wa kukaribia kilometa 200 kwa saa. Kule Marekani iliuzwa dola 1,495, bei ambayo mtu wa kawaida aliweza kujipinda akaifikia. Mwaka 1970 Dick Mann akashinda nayo mbio za Daytona 200, na haikupita miaka mingi BSA ikaanguka. Toleo hilo la kwanza liliendelea kutengenezwa mpaka mwishoni mwa miaka ya sabini, zaidi ya pikipiki 400,000. Ndiyo maana mpaka leo spea zake ukiagiza nje unazipata, tena kirahisi kuliko za pikipiki nyingi za juzi juzi.

Neno linalotumika duniani kwa pikipiki kubwa za kasi, superbike, lilipata umaarufu kwa ajili yake. Usicheze na mzee.

Upanga wa 1992

Ya mume wangu ilikuwa Honda CBR900RR, maarufu kama FireBlade, ya mwaka 1993. Vijana wa kijiweni walikuwa wanaiita "mpya". Nilikuwa nacheka, kwa sababu wengi wao imewazidi umri.

Baba wa pikipiki hii ni mhandisi Tadao Baba. Ndiyo, jina lake la ukoo ni Baba, na pale nyumbani tulilitania sana. Alipoanza kuichora, pikipiki kubwa za spoti zilikuwa zimenenepa. Kila kampuni inaongeza nguvu, na ikiongeza nguvu inaongeza chuma. Tadao Baba akaenda kinyume: akapunguza uzito. Kila kipande kikaulizwa kinafanya kazi gani, na kilichokosa jibu kikapunguzwa au kikatolewa. Hata paneli za mbele wakazitoboa matundu ili upepo upite na pikipiki isiwe nzito kugeuza.

Matokeo yake yalitoka mwaka 1992: ujazo wa 893, injini inayopozwa kwa maji, farasi kama 122, na uzito mkavu wa kilo 185. CB750 ni kilo 218 bila mafuta. Yaani ya pili ina nguvu karibu mara mbili, na bado ni nyepesi kwa kilo 33. Mimi na baba mtoto tulipoisukuma kwenye mchanga wa uani, tofauti uliisikia mgongoni. Ile ya mzee inahitaji watu wawili na dua.

Hesabu ya farasi

Mume wangu ni mtu wa mahesabu, akachukua karatasi. Akaanza na Boxer ya bodaboda anayotupeleka sokoni: farasi kama 12, uzito unaokaribia kilo 120. Kila farasi anabeba kilo kumi za chuma. Kwenye CB750 kila farasi anabeba kilo tatu na robo. Kwenye FireBlade, kilo moja na nusu.

Msomaji, hiyo kilo moja na nusu ndiyo habari yenyewe. Ukifungua mafuta FireBlade haikimbii, inachomoka. Gia ya kwanza peke yake inakufikisha kilometa 100 kwa saa, na zimebaki tano. Wakati huohuo sheria yetu inasema kwenye makazi ya watu mwisho ni 50.

Tukaendelea kupanga kitu kwa kitu, na haki isemwe: FireBlade ilishinda karibu kila mstari. Breki zake diski mbili mbele, zinashika ile mbaya. CB750 ina diski moja, na mvua ikinyesha ile diski ikilowa, unabana na kusubiri kidogo kabla haijaitika. Nyuma ni ngoma tu. Ukiikimbiza sana kwenye kona, fremu inatikisika kama kitanda cha kamba. Foleni ya Mwenge jua la saa nane, ya mzee inachemka kwa sababu inategemea upepo, wakati mwenzake ana rejeta na feni. Taa za FireBlade ni bora, gia zake laini, injini haina mtetemo.

Mistari ambayo mzee alishinda ilikuwa michache. Ukaaji wa wima usiochosha viganja. Urahisi wa kutengeneza, maana Baba aliweza kuifungua na kuifunga pale uani kwa spana za kawaida. Na tairi kubwa la mbele, inchi 19, ambalo likiingia kwenye shimo linatoka. FireBlade ina rimu ya mbele ya inchi 16, ndogo, inayogeuka upesi sana, na kwenye mchanga uliomwagika lami inakuwa na wasiwasi kama mbuzi wa mnadani.

Kwa karatasi, basi, kesi ilikuwa imekwisha. Baba Neema akaniangalia, mimi nikanyamaza. Nikamwambia tusiuze kwa karatasi, tuuze kwa barabara.

Barabara yetu

Tukapeana wiki mbili. Kila mmoja aendeshe zote, asubuhi na jioni, njia zetu za kawaida: Kawe hadi Mwenge, Kawe hadi Morocco, na Jumapili ile barabara pana ya Bagamoyo iliyopanuliwa kwa msaada wa Japani, toka Mwenge mpaka Tegeta.

Nilichogundua ni hiki. CB750 ikifika 90, upepo unakusukuma kifua, vioo vinatetemeka, ekzosi zinapiga kelele, na mikono inakuambia kwamba sasa mama umeanza kuzidisha. Hofu inakuja mapema, ukiwa bado una nafasi ya kuitumia. FireBlade ina kioo na paneli zinazokukinga, injini imetulia, na wewe umelala juu ya tangi. Nikiwa nayo maeneo ya Mbezi Beach, moyo wangu umetulia kabisa kama nimekaa sebuleni, nikatupa jicho kwenye mita: 120.

Kwa mwendo wa 50, sekunde moja ya kushtuka kabla hujagusa breki unakuwa umekwenda mita 14. Kwa 120 unakuwa umekwenda mita 33, karibu urefu wa mabasi matatu ya mikoani, na hapo bado hujaanza kupunguza mwendo. Sasa fikiria barabara zetu. Bajaji inakata bila taa. Daladala inachomoka kituoni. Dereva amefungua mlango upande wa barabara. Tuta halijapakwa rangi. Mtoto wa shule anavuka na begi limemzidi. Nani kati ya hao anakupa mita 33?

Breki nzuri za FireBlade zilitengenezwa kwa ajili ya kasi yake. Lakini ile kasi barabara zetu haziijui, na watu waliomo barabarani hawaitarajii. Tangu usafiri wa pikipiki za abiria ulipowekewa kanuni mwaka 2010, mji mzima umezoea kukadiria pikipiki kwa mwendo wa bodaboda. Mama anayevuka akiona taa moja mbali, anapiga hesabu ya Boxer. Hesabu yake ni sahihi kwa Boxer.

Mdogo wangu wa kiume aligongwa akiwa abiria wa bodaboda, akalala Muhimbili miezi miwili. Alipona, anatembea, ila goti halikunji vizuri. Kwa hiyo mimi nikiongelea hizi mita siongei nadharia. Helmeti ndiyo iliyomwokoa kichwa. Shirika la Afya Duniani limekuwa likisema kwamba kofia ngumu iliyovaliwa sawasawa hupunguza uwezekano wa kufa kwa karibu asilimia 40, na majeraha mabaya ya kichwa kwa karibu asilimia 70. Iliyofungwa mkanda lakini, si ile ya kuning'iniza kwenye kiwiko.

Nani anakaa nyuma?

Jumapili ya pili tukaenda Bagamoyo na CB750, yeye mbele, mimi nyuma. Hapa sasa ndipo nilipotaka kukufikisha.

Siti ya CB750 ni ndefu, bapa, pana. Waliitengeneza wakijua mtu ana mwenzake. Unakaa, miguu inapumzika, unamshika kiuno, na kwa mwendo wa 70 ukipaza sauti kidogo mnasikilizana. FireBlade nayo ina siti ya nyuma kwa jina. Ni kipande kama mto wa pini, kimeinuliwa juu, magoti yanakaribia kidevu, na dereva akifunga breki unamwangukia mgongoni kama gunia. Kwa miaka mitano ambayo mume wangu aliimiliki, nilipanda nyuma yake mara mbili. Jumapili zake zote alikwenda peke yake.

Tukafika Bagamoyo, tukaagiza samaki, tukakaa pale upepo wa bahari unapopita. Nikamuuliza, Baba Neema, hebu niambie kweli, ukipanda ile unapata nini? Akanyamaza kwa muda. Halafu akasema: "Mama Neema, pale juu ndiyo mahali pekee hakuna mtu anayeniomba kitu. Kazini wananiomba, ukoo unaniomba, nyumba ya Bunju inaniomba. Ile ikifika mia na kitu, kichwa kinakuwa cheupe."

Jamani, nimeishi na mwanaume huyu miaka 14. Hilo sikuwahi kulisikia. Nilijua anapenda kasi kama wanaume wengine wanavyopenda mpira. Kumbe alikuwa anatafuta pa kupumzikia, na pa kupumzikia pake palikuwa kilometa 140 kwa saa.

Sikumlaumu. Nikamwambia mawili. La kwanza, kwamba kupumzika ni haki yake, na kuanzia sasa Jumapili asubuhi ni yake, simu naipokea mimi, na ndugu wenye shida wataongea na mimi. La pili, kwamba kichwa kikiwa cheupe kwenye ile barabara ndipo ninapoogopa, kwa sababu barabara ya Bagamoyo inataka kichwa kilichojaa. Akacheka. Akasema, "Basi nitapumzika taratibu na mzee." Mimi nikamjibu kwamba mzee hapendi haraka, ila nyimbo anazijua.

Tukarudi Kawe tukiwa tumeshaamua. Inayoondoka ni FireBlade, na tuliisema wazi kwamba tunauza pikipiki iliyo bora. Sikutaka ajidanganye kwamba ilikuwa mbovu. Ukimwomba mwenzio aache kitu anachokipenda, usikitukane kwanza.

Kijana wa pesa taslimu

Tangazo likatoka kwa midomo ya mafundi, na siku ya tatu akaja kijana. Umri kama miaka 22, raba nyeupe, bahasha mkononi. Milioni nane, zote taslimu, hataki hata kupunguziwa. Hela hiyo ilikuwa inatosha bati, mbao na fundi, na chenji inabaki.

Baba Neema akamuuliza umeendesha nini kabla ya hii. Akasema Boxer ya bro wake. Leseni? Inashughulikiwa. Helmeti? Atanunua. Akaizunguka FireBlade, akapiga picha, akauliza swali moja tu: "Inakata ngapi?"

Mume wangu akaniangalia. Najua alikuwa anaona bati. Mimi nilikuwa naona bati pia, sitakudanganya, masika yalikuwa yanakuja. Halafu akamwambia yule kijana, kwa upole kabisa: "Mdogo wangu, pikipiki hii kwako siuzi. Anza na ndogo, upate leseni, miaka mitatu minne ukija nikiwa bado na pikipiki tutaongea." Kijana akakasirika, akasema hela si hela? Akaondoka na bahasha yake.

Wifi aliposikia akatuita wendawazimu wa darasa la kwanza. Hela ya watu mnakataa, kwani mkishauza inawahusu nini? Kisheria haituhusu. Lakini kijana yule ana mama mahali fulani, na mimi nilishakaa kwenye benchi la Muhimbili nikisubiri daktari atoke.

Tulisubiri wiki saba. Aliyenunua ni bwana wa makamo, mwenye leseni ya miaka mingi, aliyekuja na helmeti yake mwenyewe na mkewe. Aliuliza kuhusu cheni, tairi, oili, lini kabureta zimesafishwa. Mkewe akaitazama ile siti ya nyuma, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shoga, hapa mtu anakaaje?" Nikamwambia kweli: hakai. Akacheka akasema afadhali, yeye ana gari lake. Wakatoa milioni sita na laki tano. Siku ilipoondoka, Baba Neema aliisindikiza mpaka barabarani, akasimama pale hadi mlio ukapotea upande wa Lugalo. Nilimwacha asimame.

Nyumba ya Bunju imepauliwa, isipokuwa baraza la nyuma ambalo bado linatazama mbingu. Hiyo ndiyo milioni moja na nusu ya yule kijana, na kila nikilitazama lile baraza naona hesabu imekaa sawa.

Kwa hiyo dada, kama mwenzio ana pikipiki kubwa au anaitamani, usianze na vita. Muulize anakwenda nayo wapi na anakimbia nini. Hakikisha ana leseni, bima, helmeti ya kweli, koti na viatu vinavyofunika kifundo. Akikuonyesha anayotaka kununua, usiishie kuangalia rangi na kusikiliza mlio. Panda, kaa kwenye siti ya nyuma, mzunguke hata mtaa mmoja. Ukishindwa kukaa, mwambie sasa hivi, kabla hela haijatoka.